Trapu ya sinki isivuje: kazi ni ya washa, si ya tepu

Mimi ni fundi bomba hapa Dar es Salaam. Nikiitwa kwenye nyumba ambayo sinki linavuja chini kwenye trapu, yaani lile bomba lililopinda linalobaki na maji, mara nyingi nakuta kuna mtu ameshanitangulia. Namjua kwa alama zake: tepu nyeupe imechomoza kwenye nati kama bandeji, juu yake imepakwa silikoni kwa kidole, na chini limewekwa kopo la rangi la kukinga matone.

Kabla hujaenda dukani, elewa kwamba chini ya sinki kuna maji ya aina mbili. Yale yanayopanda kwenye koki yana presha, na hapo tepu inahusika. Yale yanayoshuka hayana presha, yanateremka kwa uzito wake tu, na viungo vyake havizibwi na meno, ile mikato ambayo nati huzungukia. Nati ya plastiki unayoizungusha kwa mkono kazi yake ni kusukuma washa, yaani pete ya mpira, ikae mahali pake, basi. Mpira ukikaa sawasawa, kiungo hakivuji hata kama meno ni makavu kabisa. Ukikaa upande, hata umalize roli zima la tepu, kiungo kitavuja.

Kuna mama mmoja alisimama nyuma yangu akanitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Fundi, mbona hujaweka tepu? Yule wa mwanzo aliweka."

"Ndiyo maana umeniita mimi, mama," nikamjibu. Akacheka, lakini hakuondoka mpaka alipoona pakavu.

Tuanze na kufungua. Weka beseni chini, maana trapu daima ina maji ndani. Ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni. Fungua nati kwa mkono. Ikigoma, vaa glavu ya mpira au shika kwa kitambaa kikavu. Spana ya bomba iache kwenye begi, kwa sababu nati ya plastiki ikibanwa kwa chuma hupata ufa mdogo usiouona leo, wiki ijayo ikapasuka usiku.

Ukishafungua, toa washa zote uzitazame. Juu, pale trapu inaposhika westi, kile kipande chenye tundu la kutolea maji sinkini, kwa kawaida kuna washa bapa. Pembeni, pale bomba linapotoka kwenda ukutani, kuna washa ya koni: upande mmoja mpana na bapa, upande wa pili umechongoka. Ipinde kwa vidole. Ikiwa imekakamaa, ina mpasuko au imebaki na alama ya kubanwa upande mmoja, hiyo haifai tena. Nenda nayo dukani mkononi. Usiseme tu "bosi, nipe washa ya sinki", utapewa yoyote. Sinki la jikoni mara nyingi ni inchi moja na nusu, beseni la kunawia ni inchi moja na robo, na kwa macho zinakaribiana sana. Washa ni bei ndogo kuliko tepu na silikoni uliyotaka kununua.

Sasa usafi, na hapa usiwe na haraka. Nyumba nyingi za huku zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi ile hujijenga kuwa ganda jeupe kwenye mdomo wa westi, palepale washa bapa inapotakiwa kulala. Pitisha kidole. Ukihisi mkwaruzo wowote, piga msasa laini mpaka pateleze. Mafuta ya kupikia yaliyoganda yaoshe kwa sabuni na maji ya moto. Silikoni ya zamani ibandue yote, usiache hata kipande. Utaona inabanduka kirahisi, na sababu ipo: trapu nyingi nyeupe zimetengenezwa kwa polipropilini, plastiki inayoteleza kidogo ukiigusa, na silikoni haiishiki vizuri. Gundi ya mabomba ya PVC nayo haiishiki. Kwa hiyo anayeziba kwa kupaka juu anapaka kitu ambacho hakijashikana na chochote.

Kulainisha ndiko watu wengi wanakoruka. Washa kavu haitelezi. Nati inapozunguka, inaivuta, inajikunja, na unabana ukidhani umemaliza kumbe ukingo mmoja umekunjwa ndani. Kilainishi bora ni grisi ya silikoni. Iulize kwenye maduka ya spea za magari, kwa sababu kuna aina inayotumika kwenye mipira ya breki, au kwa wanaouza vichujio vya maji ya kunywa. Paka utando mwembamba tu, washa ing'ae, isiwe na tope. Paka na kidogo kwenye meno ya nati, utanishukuru siku ya kuifungua. Usiichanganye na silikoni ya kuzibia. Jina linafanana, lakini moja hubaki laini na nyingine hukauka.

Huna grisi? Tumia tone la sabuni ya vyombo kwenye maji. Inatosha kufungia, ingawa itakauka na safari ijayo nati itakuwa nzito. Mafuta ya kujipaka ya mgando usitumie, wala grisi nyeusi ya gari. Hayo yametokana na mafuta ghafi (petroliamu), na mipira ya aina nyingi hunyonya mafuta hayo, ikavimba na kulegea. Mafuta ya kupikia nayo hugeuka gundi chafu inayonuka.

Kufunga sasa. Kwenye bomba la pembeni tangulia kuvisha nati, kisha washa: upande bapa uelekee nati, upande uliochongoka uelekee trapu. Ikigeuzwa, hakuna nguvu ya mkono itakayoifanya izibe. Bomba liingie ndani vya kutosha, sentimita mbili au tatu, na lisimame lenyewe bila kulazimishwa. Kama unalivuta kwa mkono huku unafunga, ujue ni fupi au limekatwa kwa mshazari. Likate upya, lainisha ukingo kwa msasa. Anza nati zote kwa mizunguko michache zikiwa legevu, panga kila kitu kikae kwenye mstari, ndipo ukaze kwa mkono. Baada ya hapo ongeza robo mzunguko, uishie hapo.

Silikoni ya kuzibia ina mahali pake: juu, chini ya ukingo wa westi unaolala ndani ya sinki. Sinki liwe kavu kabisa, paka duara moja, bana, futa iliyotoka, uache siku nzima kabla ya kufungulia maji. Kwa chini huja mpira mnene, kisha washa nyembamba ya plastiki, kisha nati. Ile nyembamba wengi huitupa wakidhani ni ya ziada. Imewekwa ili nati iteleze juu yake bila kuuzungusha mpira. Na kama ni beseni lenye tundu la ovafloo, lile la juu linalozuia maji yasifurike, westi yake ina nafasi pembeni, na maji yanaweza kushuka kwa kufuata meno. Hapo peke yake napaka silikoni kidogo kwenye meno, nikiangalia nisizibe ile nafasi.

Kwenye ukuta usikubali tambara wala saruji. Nunua mpira wa kupunguzia unaoingia kwenye bomba la ukutani, upake maji ya sabuni, usukume bomba kwa kulizungusha polepole. Tundu likibaki wazi hapo, mende wana mlango wao.

Kupima: usifungulie koki kidogo ukasema pako sawa. Ziba sinki, lijaze, kisha achia maji yote kwa mkupuo. Pitisha karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila nati. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Palipolowa, usikaze kwanza. Fungua, tazama washa imekaaje, funga upya.

Rudi uangalie tena baada ya siku kadhaa za kupika, hasa kama nyumbani kwenu maji ya tambi au ya viazi humwagwa sinkini yakiwa bado yanachemka. Plastiki hutanuka na kusinyaa, na PVC hulainika kwa joto hilo. Nati ikiwa imelegea, irudishe kwa mkono, na maji ya moto kabla ya kuyamwaga yachanganye na ya baridi.

Kama kuna lile bomba la fleksibo lenye mikunjo, kulainisha washa hakutakusaidia sana. Mikunjo hukamata mafuta, bomba linakuwa zito, linashuka na kuvuta nati upande mmoja. Ling'oe, uweke trapu ya kawaida na bomba lililonyooka, lenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita.