Kutengeneza meno ya kunyanyulia paleti kwa trekta lenye kijiko cha mbele

Ghala dogo la Tandahimba au Nachingwea mara nyingi halina foko, mashine ya kunyanyulia mizigo iliyopangwa juu ya paleti (jukwaa la mbao). Penye trekta lenye kijiko cha mbele, kijiko kinatolewa na mahali pake inafungwa fremu yenye meno mawili. Kazi hii inamtosha fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu, ila vipimo visibahatishwe, kwa sababu mzigo unapaa juu mbele ya macho ya dereva.

Vipimo vya hapa ni vya kilo 500, paleti ikiwemo. Magunia matano ya korosho ya kilo 80 na paleti yake ni kama kilo 425. La sita linavusha kipimo. Paleti ya salfa, dawa ya mikorosho, yenye mifuko 40 ya kilo 25 ni tani nzima: bakiza mifuko 18, mingine ishushwe kwa mkono.

Kwanza soma kitabu cha loda, yaani mikono ya trekta inayobeba kijiko. Uzito unaotajwa mara nyingi umepimwa kwenye pini za kijiko, mikono ikiwa juu kabisa. Meno yanausogeza mzigo mbele zaidi ya nusu mita, na kila sentimita inakula nguvu. Toa kilo 120 za fremu, kisha kinachobaki kihesabu nusu. Loda ya kilo 1,200 inakuachia kilo 540. Ya kilo 700 haifai kwa kazi hii.

Ukipata meno ya foko yaliyotumika, chukua hayo. Ni chuma cha kufua, hakina mshindani. Ya daraja la pili (Class II, ukubwa wa meno ya foko) yananing'inia kwenye fremu ya vyuma viwili vya kulala, milimita 407 kutoka ukingo wa juu wa kimoja hadi ukingo wa chini wa kingine. Usiyachomelee wala kuyatoboa.

Ukikosa, nunua bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50, unene milimita 5. Pima unene kwa kalipa dukani. Bomba la geti la milimita 2 kwa nje linafanana nalo kabisa. Kata vipande viwili vya mita 1.1 vya kulala na viwili vya sentimita 60 vya kusimama. Bomba lilale kwa ubapa, kimo milimita 50, maana uwazi wa paleti ni kama milimita 100 tu. Ncha ikatwe mshazari upande wa chini, sentimita 20 za mwisho, izibwe kwa bati la milimita 6. Springi za lori ziache: zinavutia kwa ugumu, lakini zikichomelewa zinapasuka pembeni mwa weldi bila kutoa dalili.

Kisigino, pale jino linapokunja kona, ndipo panapovunjika. Mzigo unavuta uso wa juu wa jino, na ufa huanzia hapo. Pembetatu ya kuimarisha haiwezi kukaa ndani ya kona, paleti itaigonga. Weka mashavu: bati la milimita 8 kila ubavu, lenye kuingia sentimita 25 kwenye jino na 25 kwenye kisimamo, ncha zake zikichongwa zipungue taratibu. Chomelea kufuata urefu wa jino, usipitishe mstari wa weldi kukatiza uso wa juu. Tumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018, vya milimita 3.2, ampea 110 hadi 130. Hewa ya bahari ya Mtwara na Mikindani inavilowesha haraka, na weldi inatoka na vitundu. Viweke kwenye kopo lililofungwa kabisa.

Visimamo vichomelewe kwenye mabomba mawili ya kulala ya 80 kwa 80, unene milimita 6, urefu mita 1.2. Kutoka nje hadi nje ya meno iwe sentimita 68.

Masikio ya pini, yaani mabati yenye matundu yanayoishikiza fremu kwenye loda, ndiyo yanayowashinda wengi. Chora matundu ya kijiko kwenye plaiwudi, ukate bati la milimita 15 kwa kiolezo hicho. Pitisha shafti moja iliyonyooka kwenye matundu yote ya chini, shika masikio kwa nukta za weldi, kisha chomelea kwa zamu kushoto na kulia. Shafti isitoke mpaka chuma kipoe, la sivyo joto linayavuta masikio na pini hazitaingia. Ukilazimika kuchomelea kwenye trekta, fungua betri na weka klempu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea karibu na weldi.

Kizuizi cha nyuma ni lazima, kimo mita 1 juu ya meno. Mikono ya loda ikipanda, fremu inalala nyuma, na gunia la juu linamwangukia dereva.

Nyuma ya trekta funga pipa la lita 200 lililojazwa zege, kama kilo 480. Bila hilo magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, hasa kwenye mchanga.

Ziba ncha zote za mabomba kwa weldi kabla ya rangi, chumvi isiingie ndani. Kisha jaribu: mifuko tisa ya saruji ya kilo 50 juu ya paleti, inyanyue sentimita 10, iache dakika 10. Pima kimo cha ncha, mzigo ukiwa haujawekwa na baada ya kuutoa. Ncha isiporudi palepale, kisigino kimeshapinda. Ikirudi, kagua weldi za mashavu kwa tochi, na urudie ukaguzi huo kila wiki msimu wote.