SOMO: Neti ya nyumbani imekata? Soma hapa kabla hujachukua pini

Wakuu, salaam. Masika yakianza tu simu yangu inageuka huduma kwa wateja. Shemeji wa Kinyerezi, jirani zangu hapa Sinza, mpaka mwalimu wa mwanangu: "Neti imekata, nifanyeje?" Naandika mara moja, baada ya hapa natuma linki tu. Silipwi na kampuni yoyote.

Somo ni la wenye faiba.

1. Umeme upo? Luku ina uniti? Adapta imechomekwa? Usicheke, angalia.

2. Umelipia mwezi huu?

3. Soma taa. Tafuta kile kiboksi kinachoingia waya mwembamba wa faiba. Kina taa imeandikwa PON na nyingine LOS.

LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwako. Faiba ni uzi wa kioo, inabeba mwanga, haibebi umeme. Kwa hiyo ama waya umekunjwa nyuma ya kabati la TV, ama umekatika huko nje: lori refu limeuvuta, au wachimba barabara wamepita nao. Hapo hata ukinunua ruta ya milioni haisaidii. Kagua waya wa ndani, usipinde kwa duara dogo kuliko kitako cha chupa ya soda. Waya huo ukiwa sawa, piga simu kwa kampuni. Na usichungulie ncha ya waya: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini upo.

PON ikitulia kijani na LOS imezima, ila taa ya intaneti haiwaki, basi waya ni mzima. Tatizo ni akaunti yako, mipangilio, au mitambo yao.

4. Zima dakika moja, washa, subiri dakika tano. Sio kuzima kila baada ya sekunde kumi kama unapampu jiko la mafuta ya taa.

5. USIGUSE KITUNDU CHA RESET. Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Ilikuwa Jumamosi, Simba na Yanga wanaingia uwanjani, neti ikakata. Sebule imejaa wageni, kila mtu ananitazama mimi "mtaalamu". Nikachukua pini ya mtandio ya mke wangu, nikabonyeza kile kitundu mpaka taa zote zikazima. Nilidhani reset na kuzima-na-kuwasha ni ndugu. Si ndugu hata kidogo. Reset inafuta kila kitu na kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani: jina la waifai, nywila, na kibaya zaidi jina na nywila za PPPoE (ruta inavyojitambulisha kwa kampuni) pamoja na namba ya VLAN (namba ya njia yako ndani ya mtandao wao), vitu ambavyo fundi aliviingiza siku ya kwanza na mimi sikuwahi kuviona. Kumbe hitilafu ilikuwa ya mtaa mzima. Majirani walirudi hewani baada ya nusu saa, nikawasikia wakishangilia goli. Mimi nilikaa bila neti mpaka Jumanne fundi alipokuja, akanitazama, akatazama pini iliyokuwa bado juu ya meza, hakusema kitu.

Kwa hiyo:
– Kuzima ni kwa swichi au kuchomoa adapta. Pini haihusiki.
– Leo, neti ikiwa nzima, omba kampuni ikupe taarifa zako za PPPoE na VLAN, ziandike kwenye karatasi. Ukiziweka kwenye barua pepe, siku neti imekufa utazisomaje?
– Fundi wa simu akikwambia "reset tu", muulize kwanza kama wanaweza kurudisha mipangilio kutoka ofisini kwao.

6. Chomeka kompyuta kwa kebo. Ikishika, neti ipo, mgonjwa ni waifai. Kwenye nyumba zilizobanana, ruta zote zinagombania masafa ya 2.4 GHz. Jaribu chaneli 1, 6 au 11, au hamia 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta.

7. Uliza jirani wa kampuni nyingine. Wote mkilia, inawezekana tatizo liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, yote inatia nanga hapa Dar, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba. Siku kama hiyo unakunywa chai.

Karibuni maswali.

---

Mdau wa Mbagala: Mkuu neti yangu haishiki toka asubuhi, msaada.

Mwandishi: Taa zinasemaje?

Mdau wa Mbagala: Taa zipi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mdau wa Tabata: Acha kutisha watu. Mimi nilireset na ikarudi yenyewe.

Mwandishi: Kampuni yako inasukuma mipangilio kutoka ofisini. Hongera. Yangu haikusukuma. Nimeandika uulize kwanza, sijaandika utakufa.

Dada wa Kimara: Kaka, nina swali. Jirani yangu tunatumia kampuni moja na nguzo moja. Kwake inashika, kwangu LOS nyekundu. Inawezekanaje?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Faiba moja kutoka kwao inagawanywa kwa kigawanyio cha kioo, ihudumie nyumba 32 au hata 64. Kutoka kisanduku cha nguzoni kila nyumba ina waya wake. Jirani akiwa mzima na wewe huna, kosa liko kwenye kipande chako au plagi yake. Mkikosa wote, kosa liko juu zaidi. Waambie hivyo hivyo ukipiga simu. Pia ukifungua ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1) tafuta nguvu ya mwanga, Rx. Kwa faiba nyingi za majumbani, -20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni salama, ikishuka kupita -27, yaani -28 au -29, utaanza kukatakata.

Dada wa Kimara: Yangu ni -26, na mvua ikinyesha inakata. Ni hiyo?

Mwandishi: Uko ukingoni. Waombe wakague kiungio cha nje, huenda maji yanaingia. Piga picha hiyo namba kukiwa kukavu na kukiwa na mvua. Fundi hatabishana na picha.

Mdau wa Ubungo: Umeme ukikatika nifanyeje? Nataka ile UPS ndogo, betri ya akiba ya ruta.

Mwandishi: Soma adapta yako kwanza: volti lazima zilingane, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Kiboksi cha faiba na ruta vinaweza kutofautiana, kimoja 12V kingine 9V. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia "inaingia tu". Kuingia inaingia.

Mdau wa Ubungo: 😂 Na ruta ya pili kwa ajili ya chumbani?

Mwandishi: Zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, ibaki kwa ruta ya kwanza) na ibadilishie anwani, zisiwe zote 192.168.1.1. Zikigombana utadhani kampuni imekukatia.

Mdau wa Mbagala: Mkuu nimeangalia. Hakuna taa inayowaka.

Mwandishi: Hata moja?

Mdau wa Mbagala: Hata moja. Dogo alichomoa achaji simu.

Mwandishi: Hatua ya 1.