Taa nafuu za kuoteshea mimea ndani ya nyumba: jinsi ya kuchagua ya kwanza

Ukiishi ghorofani Upanga, Kariakoo au Sinza, jua la Dar es Salaam unaliona nje tu. Dirishani kuna kioo cha tinti, kuna wavu wa mbu, kuna nondo, na mita chache mbele ukuta wa jirani. Mche wa hoho ukiuweka hapo unarefuka kama uzi, unaegemea upande mmoja, na kabla haujatoa jani la nne umelala. Mbolea haitausaidia, maana haukukosa chakula, umekosa mwanga. Na mwanga unanunulika kwa hela isiyoumiza, mradi ujue unalipia nini.

Haya nayaandika kwa anayetaka kuanza na chungu kimoja hadi vinne: mrehani, nanaa, mchicha wa kukata, au trei ya miche ya pilipili na nyanya kabla haijahamishiwa juani.

Hatua ya 1: Chagua mmea kwanza, taa baadaye

Mmea unajali jumla ya mwanga unaoupata kwa siku nzima. Wataalamu hupima kwa moli kwa kila mita ya mraba. Mrehani na mboga nyingi za majani huridhika na moli 12 hadi 17 kwa siku. Nyanya na pilipili zikitakiwa kuzaa zinataka 20 hadi 30, lakini miche yake michanga inakwenda vizuri na 10 hivi. Kwa hiyo taa ya kukuza miche haiwezi kukupa nyanya za kupikia, na muuzaji akikuahidi hivyo usimwamini.

Kwa mmea wa kwanza nashauri mrehani. Unapenda joto letu, na ukikosa mwanga unakuonyesha mapema. Giligilani na saladi ziache kwanza. Chumba cha Dar mwezi wa pili kina nyuzijoto 30 na zaidi, na joto hilo pamoja na saa nyingi za taa huzifanya zikimbilie kutoa maua kabla hujala chochote.

Ukitafuta ushauri mtandaoni utakutana na taa kubwa za bei ya kutisha. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya bangi, kwa soko la Kanada, iliyoiruhusu mwaka 2018, na la majimbo ya Marekani yaliyoihalalisha. Mmea ule ukifika kwenye maua unataka mwanga mara tatu hivi ya ule wa mrehani. Hapa Tanzania kuulima ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, hata ukiwa mche mmoja kabatini. Vipimo vyao basi visikupandishie bajeti, havikuhusu.

Hatua ya 2: Tafuta wati halisi

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, na inaniuma kila nikiona. Unaingia dukani, boksi limeandikwa 1000W kwa herufi kubwa. Unauliza, “Kaka, hii kweli ni wati elfu?” Unajibiwa, “Ndiyo dada, ni elfu, ila umeme haili.” Jibu hilo lenyewe linatosha. Taa isiyokula umeme haitoi mwanga. Ile elfu ni namba ya kulinganishia na taa za zamani, au ni ya kubuni kabisa. Umeme inaotumia unaweza kuwa wati 100 au pungufu.

Geuza taa usome kibandiko cha nyuma. Zidisha volti kwa ampea: volti 230 na ampea 0.13 ni wati 30. Taa za kubana mezani zenye shingo za kupinda na vichwa vinne ndizo zinazodanganya zaidi. Boksi linasema wati 80, lakini waya wake unachomekwa kwenye chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2. Tano mara mbili ni kumi. Hakuna namna chaja hiyo ikatoa wati 80.

Ukishafika nayo nyumbani, mita ya LUKU itakupa jibu la uhakika. Usoni mwake kuna kitaa kidogo kinachopepesa, na karibu yake imeandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu ndani, friji na feni vikiwemo, uwashe taa yako peke yake. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Zikiwa sekunde 36, taa ni ya wati 100. Zikiwa 180, ni ya wati 20, hata boksi liseme nini. Mita yako ikiwa ya 1600, gawa 2,250 badala ya 3,600. Fanya jaribio hili siku hiyo hiyo uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Hatua ya 3: Nunua nyeupe

Taa za zambarau zilishika chati kwa sababu majani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Ni kweli, lakini mwanga wa kijani nao mmea unautumia, tena unapenya hadi majani ya chini. LED nyeupe ina rangi zote hizo kwa pamoja. Ipo pia sababu ya vitendo: chini ya taa ya zambarau huwezi kuona vidukari wala jani lililoanza kuwa njano, na kukaa sebuleni na mwanga huo usiku ni adhabu. Kwa majani na miche chukua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hadi 6500, ile ambayo maduka ya umeme Kariakoo wanaita “daylight” au nyeupe tu.

Hatua ya 4: Linganisha kwa shilingi kwa kila wati

Huhitaji taa iliyoandikwa “ya mimea”. Balbu ya kawaida ya LED, tyubu ya futi nne, au ile taa bapa ya ulinzi inayofungwa ukutani nje, zote zinakuza mrehani. Gawa bei kwa wati halisi. Tuseme balbu ya wati 15 ni shilingi 6,000: hiyo ni 400 kwa wati. Taa ya ulinzi ya wati 30 ikiwa 21,000 ni 700 kwa wati. Paneli ya mimea ya wati 65 ikiuzwa 195,000 ni 3,000 kwa wati. Paneli nzuri hutoa mwanga karibu mara mbili kwa wati moja ukilinganisha na balbu, kwa hiyo ina haki ya kuwa ghali, ila si mara saba kwa mtu mwenye chungu kimoja.

Kipimo ninachokitumia: wati 20 halisi za taa ya kawaida kwa kila eneo la sentimita 30 kwa 30 la mrehani au nanaa. Kwa miche tu, wati 12 zinatosha.

Kwa trei ndefu ya miche chukua tyubu, maana mwanga unasambaa sawasawa. Kwa chungu kimoja, taa ya ulinzi ndiyo chaguo langu. Mwili wake wa chuma unapoza LED, mwanga wote unaelekea upande mmoja, na maji yakiirukia haidhuriki ikiwa imeandikwa IP65.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya LUKU kabla ya kulipa

Wati 20 kwa saa 16 ni uniti 0.32 kwa siku, yaani uniti 9.6 kwa mwezi. Kwa tarifa ya kawaida, ambapo shilingi 10,000 hutoa uniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 3,400 kwa mwezi. Ila kama uko kwenye tarifa ndogo ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, angalia matumizi yako kwanza. Ukiwa tayari uko kwenye 68, taa hii itakuvusha mpaka, na hasara itakuwa kubwa kuliko bei ya mrehani wowote.

Hatua ya 6: Jiandae na umeme wetu

Soma volti zinazoruhusiwa. Taa iliyoandikwa 85–265V huvumilia umeme ukishuka. Ya 220–240V huanza kupepesa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua LED nyingi, kwa hiyo chomeka taa kwenye friji gadi kama unayo.

Taima ni lazima, kwa sababu hutakumbuka kuzima kila usiku, na mimea mingi inahitaji giza; nyanya zikiwashiwa saa 24 majani yake hugeuka njano. Taima ya kuzungusha ni ya bei ndogo, lakini umeme ukikatika saa tatu nayo inachelewa saa tatu. Yenye skrini na betri ndani haipotezi saa. Kwa Dar, ongeza hela kidogo uchukue hiyo.

Taa yenye mwili wa chuma iwe na plagi ya pini tatu yenye waya wa ethi uliounganishwa kweli. Kama huna hakika mwite fundi umeme. Waya uning’inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke sakafuni.

Hatua ya 7: Funga, kisha pima

Ning’iniza taa kwa mnyororo au kamba inayofungika na kufunguka, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani. Zungushia kadibodi nyeupe pande tatu, mwanga usipotelee chumbani. Upande wa nne uache wazi. Kabati lililofungwa hapa Dar linageuka joko.

Pakua programu ya kupima laksi, yaani ukali wa mwanga, laza simu usawa wa majani, kioo kikitazama juu. Kwa LED nyeupe gawa laksi kwa 70. Laksi 14,000 ni kama mikromoli (sehemu ya milioni ya moli) 200 kwa kila sekunde, na kwa saa 16 hiyo ni karibu moli 12, pale pale mrehani unapotaka. Simu hazipimi kwa usahihi mkubwa, lakini zitakuonyesha wazi tofauti kati ya katikati na pembeni, ndipo utajua chungu kikae wapi.

Baada ya hapo fuata mmea. Shina likirefuka na nafasi kati ya majani ikiwa kubwa, shusha taa sentimita tano. Majani ya juu yakipauka au kujikunja kuelekea juu, ipandishe. Mrehani ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata kichwa juu kidogo ya jozi ya pili. Utatoa matawi mawili pale ulipokata, na hapo ushushe taa tena hadi umbali ule ule wa mwanzo.