Somo: Bwawa lako la udongo liko daraja gani la hatari?

Wakuu wenye mashamba Chanika, Msongola, Mabwepande na kule Kisarawe, masika hayo yanakuja. Wengi hukimbilia kukagua tuta. Anza bondeni.

Hatua ya 1: Shuka na mkondo kwa miguu. Daraja la hatari halisemi tuta ni zima au bovu, linasema likipasuka ataumia nani. Likiharibu shamba lako tu, ni la chini. Likikata barabara au kubomoa mali za watu, la kati. Likiweza kuua hata mtu mmoja, ni la juu, hata kama tuta ni fupi na limeshindiliwa vizuri. Kwa jinsi watu wanavyojenga mabondeni hapa Dar, rudia kila mwaka. Solai, Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la mtu binafsi lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40.

Hatua ya 2: Kagua kitako cha tuta, hasa bomba linapotokea. Pakivuja, kinga maji kwenye chupa safi uyaache yatulie. Yakibaki maangavu, weka alama na ufuatilie kama yanaongezeka. Udongo ukituama chini ya chupa, tuta linaliwa kwa ndani: ondoa watu bondeni, ita mhandisi, anza kupunguza maji. Ukiwa na nafasi, yashushe taratibu, maana kuyashusha ghafla huporomosha ukingo wa ndani.

Hatua ya 3: Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi bwawani, uwe wazi. Kuuziba kwa viroba vya mchanga ili samaki wasitoke ni kujitafutia kesi. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulimega.

Hatua ya 4: Peleka taarifa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

MASWALI

— Mkuu, kuna mwembe mkubwa juu ya tuta. Niung'oe?
Usiung'oe bwawa likiwa limejaa. Mizizi huacha matundu. Subiri kiangazi, maji yakiwa chini, mhandisi asimamie kujaza na kushindilia udongo wa mfinyanzi.

— Na vichuguu?
Chimbua, jaza, shindilia. Mashimo ya panya buku vilevile.

— Bwawa nimelikuta tangu enzi za mzee, hawa wa bondeni wamekuja juzi. Gharama iwe yangu kwa nini?
Tuta ni lako, ndugu. Waandikie serikali ya mtaa, ubaki na nakala yenye muhuri, kisha mkubaliane na mjumbe nani atagonga milango usiku mvua ikizidi.