Sakafu na malalo ya sungura wa ndani: anza na nyayo zake

Chini ya mguu wa mbwa au paka kuna vijimto vya ngozi nene. Sungura hana. Ana manyoya, kisha ngozi nyembamba, kisha mfupa. Anaporuka hujikita kwa vidole na kucha. Anapotulia hukalia unyayo mzima wa mguu wa nyuma, kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, na sehemu kubwa ya uzito wake hubaki hapo kwa saa nyingi za mchana. Sakafu ikiwa ngumu, yenye unyevu au inayoteleza, madhara yataanzia kisiginoni.

Jambo la pili ni mdomo. Sungura hutafuna anachokikanyaga, na akishameza hawezi kutapika. Uzi wa zulia au kipande cha plastiki kikishaingia tumboni hakina njia nyingine ila kupita utumbo mzima, na kikinasa njiani, mnyama huacha kula na hali yake huharibika ndani ya saa chache. Kwa hiyo tandiko lolote unalotaka kununua, lihesabu kuwa sehemu ya chakula chake. Kama usingependa alile, usilitandike.

Tuanze na waya, kwa kuwa wengi wanaonunua sungura kwa mfugaji wa nyama hupewa pia kizimba chenye sakafu ya wavu. Kwa mfugaji wavu huo una maana: kinyesi na mkojo hudondoka chini, kazi ya usafi inapungua, na sungura wa nyama huuzwa akiwa na miezi mitatu au minne, kabla nyayo hazijapata muda wa kuchakaa. Sungura wa nyumbani anaweza kuishi miaka minane, kumi au zaidi. Hesabu hiyo haiwezi kuwa moja. Hata wavu mzuri wa kulehemu, wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, ukikaliwa miaka unakata manyoya ya kisigino kisha ngozi. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita haufai hata kwa siku moja: waya wake ni mwembamba, unabonyea, na mguu ukinasa sungura hujitupa kwa nguvu hadi kuuvunja. Kama kizimba ni hicho tu, funika angalau theluthi mbili za sakafu kwa ubao usiopakwa rangi wala dawa, kisha tandika jamvi juu yake. Uwe na mbao mbili ili moja ikioshwa na kuanikwa nyingine iwe kazini, kwani ubao hunyonya mkojo na harufu haitoki kwa kuufuta tu.

Vigae ni tatizo la aina nyingine. Havichubui, lakini vinateleza. Sungura anayeteleza hukaza misuli, hutanua miguu ya nyuma, au huacha kabisa kutembea na kujikunyata kwenye kipande kimoja cha zulia kama yuko kisiwani. Wenye nyumba hudhani ni mpole. Vitoto vinavyokulia juu ya sakafu inayoteleza vinaweza kubaki na miguu iliyotanuka pembeni, na hali hiyo ni ngumu kuirekebisha. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta inateleza vilevile, na nta yenyewe hailambwi. Saruji iliyoachwa na chenga ni kinyume chake: inashika vizuri, ila inakwaruza manyoya kama msasa na inanyonya mkojo.

Basi utandike nini juu ya vigae au saruji? Kwa nyumba nyingi za kwetu jibu rahisi ni jamvi: lile la kawaida la miyaa au ukindu, lisilotiwa rangi. Linashika mguu, linapitisha hewa, na likitafunwa ni jani kavu tu. Kabla ya kulipa, ligeuze uangalie mshono. Lililoshonwa kwa ukindu wenyewe linafaa. Lililoshonwa kwa uzi wa nailoni liache dukani. Mikeka yenye mapambo ya rangi ipambe ukutani. Mikeka ya plastiki, ambayo ndiyo iliyojaa masokoni siku hizi, ni hatari zaidi, maana sungura huchana ukanda baada ya ukanda na kumeza.

Zulia la manyoya mafupi yaliyosongamana linafaa akiwa chini ya macho yako na kama si mchimbaji. Zulia lenye vitanzi vya uzi halifai: kucha hunasa, sungura hujivuta kwa woga, na kucha hung'oka na mzizi wake. Taulo lina kasoro hiyohiyo. Kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita husafishika vizuri na huzuia mkojo kufika chini, lakini linateleza na kingo zake hutafunwa, kwa hiyo lifanye tabaka la chini tu, kingo zikiwa zimebanwa chini ya kabati au kwa ukanda wa alumini. Vile vipande vya sponji vinavyounganishwa, vya watoto kuchezea, havimfai sungura hata kidogo. Huvitafuna kwa furaha sana, na sponji haimeng'enyeki.

Blanketi jepesi la polista lenye manyoya mafupi, lisilo na nyuzi zinazochomoka, ni zuri kwa sungura mzee au mwenye kidonda. Lipunguze nyuzi pembeni, lifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, suuza mara mbili, na usitumie dawa ya kulainisha nguo. Likianza kuwa na matundu, ujue nyuzi zimo tumboni. Mpe nyasi badala yake.

Malalo yenyewe

Nyasi kavu ndizo bora: zinaliwa, zinalaliwa, na zinakauka haraka zikipigwa jua. Nyasi za Rhodes zilizofungwa robota zinapatikana kwa wauzaji wa chakula cha ng'ombe. Chana robota katikati uingize mkono. Ziwe za kijani au kijani-manjano, zinuse kama shamba baada ya kukatwa, na zisitoe vumbi ukizikung'uta. Ukikuta weupe, joto, harufu ya uvundo au madoa meusi, ni ukungu, na ukungu humdhuru mapafuni na tumboni pia. Hifadhi robota juu ya mbao au matofali, si moja kwa moja juu ya saruji, la sivyo tabaka la chini litaoza bila wewe kuona. Mabua ya mpunga yanafaa kujaza kwa chini tu. Ni magumu, hayanyonyi vizuri, na yakikatika huchoma.

Maranda yanahitaji kuulizwa yametoka wapi. Fundi seremala ana rundo moja la kila kitu: mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, mbao za gundi, na mti mkavu safi. Mbao zilizotiwa dawa, ambazo nyingi zina rangi ya kijani hafifu, huwa na shaba na zinaweza kuwa na aseniki. Maranda yake hayaingii kwenye kizimba. Usichukue pia ya mtarakwa. Harufu yake tamu hutokana na mafuta ya mti, na mafuta hayo yakivutwa kila siku ndani ya chumba huwasha njia ya hewa na kulitwisha ini kazi. Misindano (paini) mibichi ina shida hiyo pia, ingawa ikikaushwa vizuri hupungua. Ukipata maranda ya mti mkavu usio na harufu kali, yapepete kwanza nje ya nyumba. Vumbi la mbao lenyewe litupe bustanini. Wafugaji wa kuku watakushauri pumba za mpunga. Kwa kuku ni sawa. Kwa sungura zina ncha kali, hazinyonyi mkojo inavyotakiwa, na hunata kwenye manyoya ya sehemu za siri.

Mchanga, na ule udongo wa choo cha paka unaoganda ukilowa, visiwemo kabisa. Udongo huo huvimba ukikutana na maji, na utumbo una maji.

Jinsi ya kupanga

Sungura mwenyewe huchagua kona ya kukojolea. Mwache siku mbili au tatu uione, kisha weka hapo trei au beseni pana la plastiki, takriban sentimita 40 kwa 50, lenye ukingo wa sentimita 10 hadi 15. Liwe kubwa kiasi kwamba anaweza kugeuka ndani na kulala. Chini weka sentimita 3 za karatasi zilizochanwa. Gazeti la kawaida linatosha, karatasi za kung'aa za majarida hapana. Juu yake tandika nyasi kavu unene wa sentimita 5 zikiwa zimeshindiliwa. Kisha weka rundo la nyasi za kula upande mmoja wa trei, kwa sababu sungura hupenda kutafuna huku akijisaidia. Acha punje chache za kinyesi chake na kipande cha karatasi kilicholowa mkojo wake ili ajue pa kurudi. Watu wengi hushindwa kumfundisha choo kwa kuwa wameweka chakula kona moja na choo kona nyingine.

Sehemu ya kulala iwe kando, jamvi chini na nyasi sentimita 5 hadi 8 juu. Ipime kama wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanavyopima zizi: piga goti juu ya malalo kwa uzito wako, uhesabu hadi kumi. Goti likiuma, ongeza unene. Likiinuka na unyevu, badilisha.

Usifunike chumba kizima. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, sungura ataumizwa na joto kabla ya kuumizwa na kigae. Joto la chumba likikaribia nyuzi 30 anahitaji kipande cha kigae kitupu cha kujinyoosha, kivulini na penye hewa. Njombe au Limuru mwezi wa saba hali ni nyingine, lakini hata huko adui ni unyevu kuliko baridi: manyoya yake yanamtosha, mradi malalo ni makavu na upepo haupiti usawa wa sakafu.

Unyevu

Sungura wa kilo nne anaweza kukojoa kikombe kimoja hadi viwili kwa siku, na mkojo huo ukikaa hutoa amonia. Usisubiri uinuse ukiwa umesimama. Inama hadi usawa wa pua yake; harufu ikikuchoma macho, yeye anaivuta usiku kucha. Toa nyasi zilizolowa kila asubuhi, badilisha trei nzima kila baada ya siku moja au mbili, na malalo yote mara moja kwa wiki. Kuondoa kinyesi kila siku kuna sababu nyingine. Mayai ya vimelea vya koksidia hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana uwezo wa kuambukiza, na huhitaji unyevu na siku moja hadi nne hivi kukomaa. Ukiyatoa mapema umekata mzunguko. Dawa za kawaida za kuua vijidudu haziyawezi; maji yanayochemka na kuanika juani hadi kukauka kabisa ndivyo vinavyosaidia.

Ule ukoko mweupe kwenye trei ni kalsiamu ya mkojo. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, mwagia, acha dakika 15, sugua, suuza. Siki na dawa ya klorini visikutane, na klorini isimwagwe juu ya mkojo. Hewa inayotoka ni sumu kwenu nyote. Mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu juu ya nyasi mara nyingi ni rangi ya kawaida inayotokana na majani aliyokula. Matone ya damu halisi au kukojoa kwa shida ni jambo la daktari.

Malalo yenye unyevu huita nzi pia. Mayai yao yakitagwa kwenye manyoya machafu ya nyuma yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu hula nyama hai. Msimu wa mvua mkague sehemu hiyo mara mbili kwa siku. Ukiona viroboto kwenye zulia, usimpake wala usimwagie tandiko dawa yenye fipronili inayouzwa kwa mbwa. Kwa sungura ni sumu.

Kukagua nyayo

Mara moja kwa wiki mpakate, tegemeza mgongo wake, pulizia manyoya ya kisigino yagawanyike. Kipara kidogo kikavu cha rangi ya waridi, kilichofunikwa na manyoya ya jirani, kwa wengi si ugonjwa. Wekundu unaopanuka, ngozi inayong'aa, gamba au unyevu ni mwanzo wa kidonda cha kisigino, na usaha ukifika kwenye mfupa matibabu huchukua miezi. Walio hatarini zaidi ni wanene, wazito kama Flemish Giant, na Rex, ambao manyoya yao ni mafupi kama mahameli hata nyayoni. Kucha ndefu pia huinua vidole na kusukuma uzito kisiginoni, basi zikatwe kila wiki nne hadi sita.

Kikiwa wekundu tu, ongeza unene wa malalo, kausha kila kitu, mpunguze uzito, na subiri wiki mbili ukikagua kila siku. Usifunge bandeji ya kubana wala kupaka mafuta mazito. Atayalamba na vumbi litaganda. Na usimpe amoksilini ya kumeza kutoka duka la dawa. Jamii hiyo ya dawa ikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, na wengi hufa kwa kuhara siku chache baadaye, kidonda kikiwa bado kipo. Kidonda kikiwa wazi, mguu ukivimba, au akigoma kula kwa saa 12, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe kipande cha tandiko lake na nyasi kiganja kimoja kwenye mfuko ili avione.