Somo: Kukaa katikati ya wagomvi wawili bila kugeuka hakimu

Vijana wangu wa sheria mliopo mazoezini hapa Tanga mjini na kule Lushoto, somo hili nimelianza na kosa langu.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni niliketi kama msaidizi katika ugomvi wa mashua, Sahare. Tajiri wa chombo na nahodha wake walikuwa wakivutana juu ya mashine iliyokufa baharini. Nilikuwa nimeisoma sheria ya mikataba nikaiva. Nahodha hajafika mbali, nikamkatiza: "Mzee, kisheria hapa huna dai." Akaokota kofia yake mkekani, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaivaa, akatoka. Tulihangaika wiki nyingi kumrudisha.

Hatua ya 1: Jua umekalia kiti gani. Msuluhishi hana hukumu mkononi. Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria za kazi za 2004, msuluhishi ana siku 30 za kuwakutanisha mfanyakazi na mwajiri, na wenyewe wakitaka huongeza. Wakishindwa ndipo mwamuzi husikiliza na kutoa tuzo. Mahakamani, usuluhishi umo katika kanuni za madai tangu 1994. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, halihukumu tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na anayetaka talaka, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, hupita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo.

Hatua ya 2: Hakikisha mwenye kauli yupo. Nyumba ya urithi Ngamiani inaweza kuletwa na kaka mkubwa, kumbe neno la mwisho analo shangazi aliyebaki nyumbani. Mtakubaliana saa tatu, jioni shangazi avunje yote. Uliza mapema.

Hatua ya 3: Kikao cha pamoja. Kila mmoja aseme bila kukatizwa. Akimaliza, mrudishie maneno yake umwulize kama umemwelewa. Kwenye daftari chora safu mbili: anachodai, na anachohitaji. Safu ya pili itakaa tupu kwa muda. Iache hivyo.

Hatua ya 4: Kikao cha faragha. Hapa ndipo kazi ilipo. Ugomvi wa mashua uliporudi, aliushika mama mmoja mtu mzima, mimi nikaandika tu. Alimchukua nahodha pembeni, akamwacha anywe kahawa yake, kisha akamwuliza: "Baba, ukilipwa kesho, keshokutwa utaamkia wapi?" Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akasema hana pa kuamkia. Pwani nzima ilikuwa inasema ameuza mafuta ya mashine, na hakuna tena anayemkabidhi chombo. Fedha alizodai hazikuwa hata nusu ya kilichomuuma.

Mama hakukimbilia kwa tajiri na habari hiyo. Alimwuliza kwanza: "Katika haya, lipi nimfikishie mwenzio, lipi libaki hapa?" Swali hilo lishikeni. Akaenda kwa tajiri, akakuta naye hana fedha taslimu, na kinachomkera ni kwamba hakuambiwa mapema mashine inapiga kelele. Mwishowe tajiri alisimama mbele ya mabaharia akamsafisha nahodha jina, na matengenezo yakakatwa kidogo kidogo kwenye mauzo ya samaki. Hakuna hakimu ambaye angetoa amri ya namna hiyo.

Hatua ya 5: Andika. Nani, kiasi gani, lini, wapi, na asipotimiza itakuwaje. Soma kwa sauti kabla ya sahihi au dole gumba. Kama shauri lilishafunguliwa mahakamani, makubaliano yapelekwe yasajiliwe, yapate nguvu ya hukumu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Naweza kumsindikiza mteja Baraza la Kata nikishakuwa wakili?*
Marhaba. Kama wakili wake, hapana. Sheria ya mabaraza hayo ya 1985 haimruhusu wakili kumwakilisha mtu pale. Mwandae nyumbani, mpangie nyaraka zake.

*Niliyoyasikia kwenye usuluhishi, naweza kuitwa kuyatolea ushahidi?*
Hapana, mazungumzo ya usuluhishi ni siri. Waambie wahusika hivyo mwanzoni kabisa, maana mtu hafungui moyo akihofia maneno yake yatamrudia kortini.

*Mwalimu, kijijini kwetu Pangani mwanafunzi amepewa mimba. Wazee wa pande mbili wameniomba niwasuluhishe kwa kuwa nasoma sheria, na familia ya kijana imeshaahidi ng'ombe. Nianzie hatua ipi?*
Usianze hata moja, mwanangu. Kumpa mimba mwanafunzi ni jinai yenye kifungo cha miaka 30, na msichana huyo hajaulizwa na yeyote katika hao wazee. Ng'ombe hatakuwa wake, wala hatamrudisha darasani. Waambie wazee kwa adabu kwamba jambo hili huliwezi na wao hawaliwezi. Kisha mtafute mama yake au mtu mzima anayemwamini, waende dawati la jinsia la polisi na hospitali leo hii, na wewe wasindikize.