Siku tatu Chicago kwa mara ya kwanza: tafuta pa kulala kabla ya pa kutembea

Kuna ndugu zetu wengi huku Marekani wamekaa Iowa, Indiana, Ohio, Minnesota miaka sasa, zamu juu ya zamu, na Chicago iko masaa machache tu kutoka wanapoishi ila hawajawahi kwenda kuitembelea, wanaijua kwa kubadilishia ndege pale O'Hare wakienda nyumbani bas. Nawaelewa kabisa, mji mkubwa ukiuwaza unawaza hela, unawaza paking, unawaza habari za risasi kwenye tv. Ila Ijumaa mpaka Jumapili inatosha kuonja Chicago vizuri na haitaki utajiri, mradi mambo uyapange kwa zamu yake: tarehe kwanza, kisha pa kulala, kisha usafiri, alafu ndo matembezi. Wengi wanaanzia mwisho, wanajaza simu sehemu ishirini walizoziona Instagram alafu ndo wanatafuta hoteli, matokeo yake wanalala mbali na nusu ya wikiendi inaishia barabarani.

Basi tarehe. Mei mwishoni mpaka Oktoba mwanzoni ndo hali ya hewa nzuri, na mji wote unatoka nje. Januari na Februari hoteli zinashuka bei sana, ila upepo wa ziwa Michigan hauna utani, kama huna koti la maana, kofia, glavu na buti usijitese, hasa ukiwa na watoto. Kuna wikiendi mbili za kuangalia kwa makini kabla hujalipa chochote. Moja ni ya tamasha la muziki la Lollapalooza, mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, bustani ya Grant Park yote inajaa vijana na bei za vyumba zinapaa. Ya pili ni ya mbio za Chicago Marathon mwezi wa Oktoba. Lakini hii ya pili mi nakwambia ifikirie kwa upande mwingine: ndo mbio ambazo marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia mwaka 2023, masaa 2 na sekunde 35 juu, na kusimama barabarani kuwashangilia vijana wetu wanavyopita ni bure. Ukitaka hiyo, shika chumba miezi mingi kabla, ukichelewa utalia.

Pa kulala sasa, na hapa naomba tutulie kidogo maana hapa ndo safari inaharibika au inapona. Kwa mara ya kwanza na siku tatu tu, lala Loop (ndo katikati kabisa ya mji), au mitaa jirani ya River North na South Loop, yaani sehemu ambayo ukitoka mlangoni stesheni ya treni unaifikia kwa miguu dakika tano au kumi. Utaona hoteli za bei nafuu pembezoni utashawishika, lakini piga hesabu nzima, weka na Uber za kwenda na kurudi kila siku, uone kama kweli umeokoa. Na ile bei unayoiona kwanza kwenye simu mara nyingi siyo utakayolipa, kodi ya hoteli peke yake Chicago inazidi asilimia 17, na hoteli nyingine zina ada yao ya juu ambayo hujaiomba wala hutaitumia, kwa iyo shuka mpaka kwenye jumla ya mwisho ndo ulinganishe. Kama mko vijana au uko peke yako kuna hosteli ya HI (Hostelling International) pale Loop, unalipia kitanda badala ya chumba. Na kama bajeti imebana kweli au mnakuja na gari la familia, angalia hoteli za Rosemont karibu na eapoti ya O'Hare, siyo mjini kati ila treni ya Blue Line inapita hapohapo, unaingia mjini bila kuhangaika, na kuna paking ya stesheni ambayo gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na katikati ya mji.

Maana gari, ndugu zangu, katikati ya Chicago gari ni mzigo. Paking ya hoteli kwa usiku mmoja kukuta dola 50 na zaidi ni kawaida, na muda wote gari limelala tu huko chini. Kama unaweza, njoo bila hilo gari. Treni za Amtrak nyingi zinakusanyika Chicago pale Union Station: ukitoka Milwaukee ni kama saa moja na nusu, St. Louis kama masaa matano, Detroit ipo, na tangu 2024 Minneapolis na St. Paul wameongezewa treni nyingine ya mchana inaitwa Borealis. Mabasi ya Greyhound pia yapo na ndo rahisi ukikata mapema. Wanaotoka Ohio, Michigan na sehemu kubwa ya Indiana mkumbuke Chicago iko nyuma saa moja, mnapata saa ya bure kwenda na mnaipoteza kurudi, na watu wanachelewa mabasi kwa ajili ya hilo. Anayepanda ndege ndani ya Marekani, tangu Mei 2025 leseni ya kawaida isiyo na alama ya REAL ID, yaani ile inayokidhi masharti ya serikali kuu, haitoshi, ila pasipoti ya kwenu ambayo haijaisha muda inakubalika, iweke mkobani siyo kwenye begi la kukabidhi. Na kama una mgeni anatoka Dar au Nairobi kuja kukutembelea, masharti ya viza yamekuwa yakibadilika mara kwa mara siku hizi, msikate tiketi yoyote ya Chicago mpaka viza iko mkononi.

Ukishuka O'Hare fuata mabango ya Blue Line, ndani ya dakika 45 hivi uko Loop, na hiyo inatembea usiku na mchana. Ukishuka Midway, eapoti nyingine ya Chicago, ni treni ya Orange Line, hiyo usiku wa manane inalala. Huhitaji kusimama foleni ya mashine kununua kadi, kadi yako ya benki ile ya kugusisha, au simu, unagusa getini unapita. Nauli ya kawaida haifiki dola 3, kupandia O'Hare kwenyewe ndo wanatoza zaidi, na kama mtazunguka sana kuna pasi ya siku nzima, ukipanda mara tatu nne kwa siku imejilipa.

Kupotea siyo rahisi ukijua kitu kimoja, ziwa liko mashariki siku zote. Alafu namba za nyumba zote zinaanza kuhesabiwa pale zinapokutana barabara za State na Madison, na sehemu nyingi kila namba 800 ni maili moja, yaani mtu akikwambia yuko 1600 North unajua ni maili mbili kaskazini ya hapo. Ukishashika hilo hata simu ikizima chaji unafika.

Matembezi sasa. Kanuni yangu ni upande mmoja wa mji kwa siku, na kitu kimoja tu cha kulipia kwa siku, vingine vyote viwe vya bure, na Chicago vya bure ni vizuri kwelikweli, siyo vya kubahatisha.

Ijumaa ukishaweka mabegi nenda Millennium Park kwa miguu, lile dude la chuma linalong'aa kama kioo la msanii Anish Kapoor lipo pale, watu wanaliita Bean, piga picha zako maana hata bibi kijijini atakuuliza, alafu majira ya joto angalia ratiba ya jukwaa la Pritzker hapohapo, kuna miziki ya bure jioni nyingi. Mwenye vijana wadogo ajue Alhamisi mpaka Jumapili kuanzia saa 12 jioni asiyefikisha miaka 18 haruhusiwi mle ndani bila mtu mzima. Ukitoka hapo shuka mtoni, na hapa ndo pa kulipia kitu cha kwanza, boti ya kuonyeshwa majengo, kama dakika 90. Ni dola 50 hivi kwa mtu mzima, najua inauma, ila siwezi kumwambia mtu aache hiyo apande ghorofani kwanza, kwasababu kule juu unauona mji ila huuelewi, kwenye boti mtu anakueleza. Anakueleza jinsi moto wa Oktoba 1871 ulivyoteketeza majengo kama 17,000 na kuacha watu laki moja hawana pa kulala, na jinsi walivyojenga upya mpaka 1885 wakasimamisha Home Insurance Building, ghorofa kumi tu lakini wengi wanalihesabu ndo mama wa maghorofa yote marefu duniani, wenyewe walilibomoa 1931. Na huo mto unaopita juu yake waliugeuza mwaka 1900, ulikuwa unamwaga uchafu ziwani wanakochota maji ya kunywa, wakachimba mfereji ukaanza kutembea kinyume. Baridi kali boti nyingi zinasimama, kwa iyo wa Januari weka makumbusho ya sanaa ya Art Institute badala yake.

Jumamosi iache kwa makumbusho ya Field Museum, na hii kwa mtu wa Afrika Mashariki naiona ni lazima. Wale simba wawili wa Tsavo, waliokuwa wakikamata wafanyakazi wa reli mwaka 1898 pale daraja la mto Tsavo linajengwa, wako humo, kwenye sehemu ya wanyama wa Afrika. Ukifika usishangae kwamba ni wadogo na hawana manyoya shingoni. Simba dume wa Tsavo wengi hawana hayo manyoya, na udogo ni kwasababu Patterson, Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja na aliyewaua Desemba ile, aliwafanya mazulia nyumbani kwake, zikakanyagwa hizo ngozi robo karne, ndo akaja kuziuzia makumbusho mwaka 1924 kwa dola 5,000, mafundi wakashona walichoweza. Patterson alikuja kudai waliuawa watu 135, watafiti waliopima nywele na mifupa ya hao simba wakasema inakaribia 35. Mi kila nikisimama pale nawawaza zaidi hao wafanyakazi, Wahindi na Waafrika, ambao majina yao hayapo kwenye kioo. Wapeleke watoto waliozaliwa huku, waambie hiyo reli ndo iliyotoka Mombasa, na kama mzee wako alipanda treni kwenda Nairobi alipita juu ya mto huohuo. Kiingilio kwa asiye mkazi wa Illinois kinakaribia dola 30, mkazi anapata punguzo na kuna siku za bure, angalia kabla. Ukitoka tembea mpaka mbele ya Adler Planetarium, jumba la kuonyesha mambo ya nyota, huna haja ya kuingia, mji wote unauona umesimama juu ya maji na hulipi hata senti.

Jumapili chagua kaskazini au kusini, usijaribu vyote viwili. Kaskazini ni Lincoln Park Zoo, bure kila siku ya mwaka, fukwe za ziwa ziko jirani, alafu chakula mkale Devon Avenue, mnachukua Red Line mpaka Loyola kisha basi namba 155. Kule ni Wahindi na Wapakistani, halali imejaa, biriani na chapati za maana, mtu wa Mombasa au Unguja atajisikia yuko kwao. Kusini ni makumbusho ya DuSable, yalianza 1961, yamepewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa ndo mwanzilishi wa Chicago, aliishi pale mdomoni mwa mto karne ya 18. Jirani ni Hyde Park, mtaa wa Obama kabla ya ikulu. Ukipenda rangi na taco (chakula cha Kimeksiko) kuliko historia shuka mtaa wa Pilsen kwa Pink Line, makumbusho ya sanaa ya Kimeksiko ni bure.

Kuhusu kula kwa ujumla, ile pizza nene ya Chicago inaiva karibu dakika 40 kwa iyo usiende na njaa ya kugombana, moja ndogo inashibisha watu wawili, na soseji yake mara nyingi ni nguruwe, wasiokula waulize. Ukikaa mezani ukahudumiwa hesabu bakshishi asilimia 18 mpaka 20 na kodi ya zaidi ya asilimia 10 juu ya bei ya menyu, yaani chakula cha dola 20 kimsingi ni 26. Mimi hupendekeza mlo mmoja wa kukaa kwa siku, asubuhi nunueni matunda na mkate dukani.

Usalama, sitakudanganya kwamba hakuna uhalifu, upo, ila hizo sehemu zote nilizotaja mchana zina watu tele. Usiku sana panda behewa la mbele lenye dereva, simu usiichezee karibu na mlango, na ukiona behewa halikupendezi shuka stesheni inayofuata ukapande jingine. Kama mko na watoto au mizigo baada ya saa nne usiku, lipa taksi.

Siku ya kuondoka muda wa kutoka chumbani ni kama saa tano asubuhi, ila karibu kila hoteli inakuhifadhia mabegi mapokezi mpaka jioni, omba tu, zingine zinatoza kidogo. Wa ndege toka hotelini masaa matatu na nusu kabla ya ndege kuruka, Blue Line jioni ya Jumapili wakati mwingine inapunguzwa kwa matengenezo, soma tangazo la stesheni tangu Ijumaa ulivyoingia. Wa treni fikeni Union Station saa moja kabla, foleni ya kupanda inaanza mapema na viti mara nyingi havina namba, familia ikichelewa inakaa imetawanyika.